Unyoya Mweupe wa Mkuyuni

Paukwa! Pakawa.

Palikuwa na kijiji cha ndege kilichoitwa Mkuyuni, na katikati yake zahanati iliyojengwa kwenye matawi ya chini ya mkuyu, ili hata mgonjwa asiyeweza kuruka aifikie kwa miguu. Waganga wake walikuwa kumi. Walifunga mbawa zilizovunjika, walitoa miiba, walisafisha vidonda vilivyoingia funza. Siku ya kupokelewa kazini, kila mmoja alisimama mbele ya Mzee Hondohondo, mwenyekiti wa kijiji, akala kiapo kwamba mgonjwa atatangulia na mengine yatafuata.

Kazi moja ilikuwa nzito kuliko zote. Mama akishikwa na uchungu, mara nyingine yai hukwama. Wakunga humpa joto, humpaka mafuta ya nyonyo, humngoja, na aghalabu yai hutoka. Lakini lipo lile lisilotoka. Likimaliza siku mbili, mama huvimba, pumzi humpaa, na sumu huanza kumwingia damuni. Hapo dawa hubaki moja: mganga mwenye mdomo mwembamba hulitoboa yai humo humo tumboni, akayafyonza maji yake, akatoa maganda kipande kwa kipande. Yai huangamia, mama hupona. Asipofanya hivyo, huangamia wote wawili.

Na ndege kwa yai hana mchezo, kwani kila ndege alianzia ndani ya ganda. Hakuna mganga aliyewahi kuifanya kazi ile akarudi nyumbani akiimba. Walikuwapo waliosema, afadhali yai moja kuliko kaburi la wawili. Walikuwapo waliosema, mdomo wangu usiwe ndio uliolivunja. Pande zote mbili zilikuwa na neno la kusikilizwa, na hekaya hii haimcheki yeyote aliyelisema kwa moyo wake.

Miongoni mwa wale kumi alikuwamo Kigong'ota. Utotoni mwake nyoka aliingia katika tundu la wazazi wake akayameza mayai yote, yeye akitazama. Tangu siku hiyo aliweka nadhiri kwamba yai halitavunjika kwa mdomo wake. Alipopata kazi hakungoja mgonjwa afike ndipo aseme. Alimwendea mwenyekiti mapema.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Mzee, nimekuja kabla sijapangiwa zamu. Kuvunja yai sitaweza. Nikilivunja sitajitambua tena. Lakini sikuja kuomba mapumziko. Nipeni zamu za usiku ambazo wenzangu hawazitaki. Nipeni vidonda vya funza. Na akija mama aliyekwama nikawa peke yangu, nitambeba mgongoni hadi kwa mwenye kuweza, wala sitaondoka mpaka apokewe."

"Na akiwa hayupo mwenye kuweza, na mama anakata roho mbele yako?"

Kigong'ota alinyamaza. Kisha akasema, "Hapo, mzee, sitamwacha afe ili nadhiri yangu ibaki safi."

Wazee walikaa, wakapima, wakakubali. Walimchomeka kichwani unyoya mweupe wa yangeyange, ili mgonjwa akimwona ajue tangu mlangoni kwamba kwa kazi ile amtafute mwingine, asipoteze saa zake. Unyoya ule ulikuwa kwa faida ya mgonjwa. Kigong'ota aliuvaa miaka mingi, akafanya zamu za usiku mpaka macho yakawa mekundu, na wagonjwa walimpenda.

Lakini jicho la kijiji huona linachotaka kuona. Mkuyuni walipomtazama Kigong'ota hawakuona zamu za usiku wala funza. Waliona unyoya. Vifaranga walimwamkia kwa heshima zaidi, na akina mama walimwita mtu wa Mungu. Upande wa pili, Chozi, mwenye mdomo mwembamba uliopinda, aliyekuwa akiwaokoa mama za watu kimyakimya, aliambulia jina baya. Walimwita Mvunja-mayai, na sokoni hakuna aliyetaka kukaa naye tawi moja.

Ndipo Kwarara alipokwenda kwa wazee akadai unyoya. Akapewa. Akafuata Mnandi, akafuata Kunguru. Hakuna aliyewauliza kama nao watabeba zamu za usiku, kwa kuwa wazee waliona haya kumhoji mtu juu ya dhamiri yake. Haya ile ilikuja kukigharimu kijiji. Punde ikaonekana kwamba mwenye unyoya hulala usingizi wake wote, haandamwi na majina sokoni, na nafasi ya uganga mkuu ikitokea hupewa yeye. Asiye na unyoya huamshwa usiku, hudharauliwa mchana, na hubaki cheo kilekile. Mvua chache zilipopita, waganga wanane kati ya kumi walikuwa na unyoya mweupe kichwani. Walibaki Chozi na Shore. Shore alivumilia msimu mmoja, akahamia bonde jingine. Chozi akabaki peke yake, akiitwa kutoka kitongoji hadi kitongoji, ncha ya mdomo wake imeanza kumeguka kwa kazi.

Jambo halikuishia kwa waganga. Bata, mtunza ghala, alisema dhamiri yake haimruhusu kutoa mafuta ya nyonyo kwa mama ambaye huenda baadaye yai lake likavunjwa. Njiwa, mpeleka barua, alikataa kubeba barua ya rufaa. Kanga, aliyeandika daftari la zamu, alikataa hata kuliandika jina la Chozi kwenye zamu ile, akasema wino wake hautashiriki. Na Kasuku wa mapokezi, ambaye kutwa nzima hurudia kila neno alilolisikia, akiulizwa Chozi yuko wapi leo, alifumba mdomo akatazama juu. Wote walivaa unyoya.

Na usiku, nyuma ya mkuyu, Kunguru aliuvua wa kwake akauficha chini ya bawa. Wake wa matajiri walimfuata huko na magunia ya mtama, naye akawavunjia mayai bila kutetemeka. Alfajiri aliuvaa tena. Maskini waliomfuata mchana aliwahubiria utakatifu wa yai.

Hivi ndivyo mambo yalivyokuwa usiku aliofika Mama Kwale.

Alitoka mashamba ya mbali akitembea, mumewe mbele akimfungulia njia katika nyasi. Yai lilikuwa limekwama tangu juzi. Walipofika mapokezi Baba Kwale aliuliza, "Ndugu yangu, tumwone nani?" Kasuku akatazama juu. Akatoka Kwarara, unyoya unang'aa mbalamwezini, akamshika Mama Kwale bega kwa upole.

"Pole sana, mama. Nakuonea huruma. Lakini mimi dhamiri yangu hainiruhusu."

"Sawa, mganga. Basi tuelekeze kwa mwenye kuruhusiwa."

"Kuelekeza nako ni kushiriki, baba."

Bata akasema ghala limefungwa. Mnandi akasema zamu yake imekwisha. Kunguru akamnong'oneza Baba Kwale bei, naye Baba Kwale akakunjua mbawa kuonyesha kwamba hana kitu. Chozi alikuwa bonde la pili kwa mgonjwa mwingine, na kwa kuwa hakuandikwa daftarini hakuna aliyejua, wala aliyekubali kusema, ni bonde lipi. Mama Kwale alilala chini ya zahanati yenye waganga saba usiku ule, hakutibiwa na hata mmoja. Kila mmoja alipita, akasema pole, akaenda kulala na moyo wake mweupe.

Kuna aliyekumbuka kumwamsha Kigong'ota? Hakuna. Walidhani naye atakataa. Alikuja mwenyewe kabla ya mapambazuko, kushika zamu yake ya vidonda, akamkuta mama yule anahema juu juu. Aliuliza mara moja tu, "Chozi yuko wapi?" Alipoona kimya, akapiga magoti. Mzee yule, ambaye maisha yake yote yai halikuvunjika kwa mdomo wake, alilitoboa lile lililokwama, akatoa ganda lote, mdomo ukimtetemeka na machozi yakimtoka. Alifanya kazi nzuri. Lakini sumu ilikwisha kuingia damuni. Jua lilipofika utosini, Mama Kwale alifariki.

Mzee Hondohondo akapiga mbiu ya baraza. Ndege wote wakaja, hata wageni wa msimu: Mbayuwayu, ambaye kila mwaka hukata bara zima kutoka Ulaya hadi Afrika Kusini na kurudi, na Korongo mweupe, ambaye kiangazi hulea makinda juu ya mapaa na nguzo za umeme za Poland, na baridi ikiingia hushuka kwetu.

Kwarara alisema kwanza. "Sisi hatukumuua mtu. Sisi hatukufanya lolote."

"Hilo ndilo shitaka," akasema Kipanga kwa hasira. "Mzee mwenyekiti, futa nyoya zote leo. Anayetaka kuwa mganga afanye kazi zote za mganga. Asiyetaka, misitu ni mikubwa, akachume matunda. Nani alimlazimisha kuja zahanati?"

Wengi walipiga mbawa kumshangilia. Mbayuwayu akaomba ruhusa.

"Kipanga hasemi jambo lisilowahi kuonekana. Binamu zangu huzaliana Sweden. Huko mkunga hana haki ya kisheria ya kukataa kazi ya kutoa mimba. Wakunga wawili walionyimwa ajira kwa sababu hiyo walikwenda hadi mahakama ya haki za binadamu ya Ulaya kule Strasbourg, na mwaka 2020 madai yao yakakataliwa. Kwa hiyo njia hiyo ipo, na wagonjwa wa kule wanahudumiwa. Lakini kabla hamjafuta dhamiri katika zahanati, nisikilizeni habari walizoniachia mabibi zangu, waliokuwa wakipumzika kwenye nyaya za simu za Port Elizabeth.

"Mwaka 1977, katika mji huo wa Afrika Kusini, polisi wa usalama walimpiga Steve Biko, mpinzani wa utawala wa kibaguzi, kichwani mpaka ubongo ukaumia. Madaktari wawili wa serikali walimwona akiwa katika pingu. Dalili zilikuwapo. Lakini polisi walitaka, na madaktari wakakubali asafirishwe hadi Pretoria, zaidi ya kilomita 1,000, amelazwa uchi nyuma ya gari. Akafa tarehe 12 Septemba. Wale walikuwa madaktari watiifu, waliofanya kama kazi ilivyotaka. Miaka minane baadaye, 1985, Port Elizabeth hiyohiyo, daktari kijana aitwaye Wendy Orr aliletewa mahabusu wa kisiasa wenye majeraha ya kipigo, siku baada ya siku. Akakataa kunyamaza. Alikwenda mahakamani dhidi ya polisi wa serikali iliyomwajiri, na mahakama ikawazuia polisi kuwapiga mahabusu. Wakubwa wake wakamwondoa kwenye kazi ya kuwaona. Sasa, Kipanga, nikuulize: ukisema mganga asiwe na neno lake, atende anavyoamriwa na basi, utampata wapi Wendy Orr siku utakayomhitaji?"

Kipanga hakujibu. Kwarara akainua shingo, uso umemchangamka. "Mnaona? Dhamiri ni haki. Nasikia hata Italia sheria inawalinda wanaokataa."

"Inawalinda," Mbayuwayu akasema, "nami nimeota manyoya chini ya mapaa ya Italia, kwa hiyo nitakusimulia yote, si nusu. Sheria namba 194 ya mwaka 1978 ilimruhusu mwanamke kutoa mimba kwa masharti, na kifungu chake cha 9 kikamruhusu daktari kukataa. Lakini kifungu hichohicho kinamtaka atangaze mapema. Kinasema msamaha haumwondolei wajibu wa kumhudumia mwanamke kabla na baada. Kinaziwajibisha hospitali zihakikishe huduma inapatikana, na mikoa isimamie hilo, hata kwa kuwahamisha wafanyakazi. Na kinasema dhamiri haiwezi kutajwa pale ambapo mkono wa daktari huyo ndio pekee wa kuokoa maisha yaliyo hatarini. Maandishi yake ni mazuri. Kilichotokea ni kwamba wenye unyoya waliongezeka. Kufikia 2016, takribani madaktari 7 kati ya 10 wa magonjwa ya wanawake walikuwa wamejiandikisha kukataa. Wachache waliobaki wakaelemewa, na wanawake wakawa wanahangaika mji hadi mji. Kamati ya Ulaya ya Haki za Kijamii imeikuta Italia na kosa mara mbili: mara ya kwanza kwa wanawake wasiopata huduma ambayo sheria imewapa, na mara ya pili kwa madaktari wasiokataa, walioachiwa mzigo wote na kubaguliwa kazini. Chozi wetu ana ndugu wengi huko."

Chozi, aliyekuwa amekaa tawi la pembeni kama kawaida yake, aliinamisha kichwa.

Kanga akajitetea kwamba yeye si mganga, aliandika tu daftari, na hata kuandika kulimchoma moyo. Mbayuwayu akamjibu kwa adabu. "Shangazi, swali lako liliwahi kuulizwa Uingereza. Sheria yao ya 1967 inamruhusu mtu asishiriki kutoa mimba. Wakunga wawili wa Glasgow, waliokuwa na kazi ya kupanga na kusimamia zamu, wakasema kusimamia nako ni kushiriki. Desemba 2014 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba haki hiyo ni ya yule anayeitenda kazi kwa mikono yake mwenyewe, haimfikii anayepanga zamu. Na walikuwa na sababu. Uzi wa kushiriki ukiuvuta hauna mwisho. Utamfikia anayefua mashuka, anayepika uji, anayefungua lango. Zahanati nzima itakuwa safi na mgonjwa atakuwa nje."

"Na mimi?" akauliza Kasuku. "Mimi sikutaja jina tu."

Korongo akasimama kwa mguu mmoja, kama wafanyavyo akina Korongo wakisema jambo zito. "Mwanangu, huku ninakotoka sheria ilikuwa ikimtaka daktari anayekataa amwambie mgonjwa ni wapi atapata huduma. Oktoba 2015 Mahakama ya Katiba ya Poland ikaliondoa sharti hilo, kwa hoja kama yako, kwamba kuelekeza ni kushiriki. Mimi ni mzazi, nakaa juu ya paa, namwona anayetoka nyumbani usiku. Mtu aliyeambiwa 'hapana' na akaambiwa 'nenda kule', amekataliwa na mmoja. Aliyeambiwa 'hapana' pasipo 'kule', amekataliwa na nchi nzima. Wewe unajua njia, yeye haijui, na muda wake unakwisha. Ukificha njia hujajiepusha na jambo lake, umeingia katikati yake."

Mwewe wa Nairobi, ambaye husikia mengi akizunguka juu ya mji, akaongeza, "Kenya wameliweka ndani ya Katiba yao ya 2010, kifungu cha 43: mtu hanyimwi matibabu ya dharura. Hawakuandika 'isipokuwa mganga ana neno'."

Ndipo Mzee Hondohondo akamwita Baba Kwale. Alikuwa amekaa na watoto wake, manyoya yamechafuka kwa vumbi la njia.

"Wazee wangu, mimi si msomi. Sikuja kumwomba mtu dhamiri yake. Hata sisi kwetu yai ni yai, na lile lilikuwa letu, tulilipenda kabla yenu. Tuliomba vitu viwili: tumwone nani, na yuko wapi. Mlikuwa saba. Kila mmoja alinipa pole. Nilikusanya pole saba usiku mmoja, na adhuhuri nikawa mjane." Akaketi.

Baraza lilipotulia, Kigong'ota aliomba kusema. Unyoya wake mweupe aliushika mdomoni, akauweka chini mbele ya mwenyekiti.

"Wengine wananipa pole kwamba nimevunja nadhiri. Nawashukuru, lakini si kweli kwamba dhamiri yangu imevunjika. Dhamiri iliyoniambia nisivunje yai ndiyo hiyohiyo iliyoniambia nisimwache mama yule. Siku zote ilikuwa na midomo miwili, na jana ilinilazimu kuchagua ni upi niusikie. Nimelia kwa yai lile na nitalia tena. Ila ningelikaa na unyoya wangu nikamtazama anakufa, nisingelia. Ningejipongeza. Hilo ndilo linalonitisha.

"Tena niseme jingine, wanangu. Niliposema sitaweza, nilimwambia mzee anipe zamu za usiku. Sikusema hivyo kwa unyenyekevu. Nilijua kwamba mtu akikataa kazi, kazi haifi. Inahamia kwa mwingine. Inahamia kwa Chozi, au inahamia tumboni mwa mgonjwa. Dhamiri yangu ni yangu, na gharama yake ni yangu. Siku nitakayomwachia mgonjwa gharama hiyo, nimeacha kuwa mwenye dhamiri, nimekuwa mwenye raha."

Wazee walikaa siku tatu. Walipotoka walikuwa na sheria, na Kasuku akapewa kazi ya kuitangaza kijiji kizima, neno kwa neno.

Walisema unyoya utabaki. Anayekataa kuvunja yai kwa imani yake ya ndani asilazimishwe wala asichekwe. Lakini atauomba kabla ya kuanza kazi, mbele ya wote, wala si mlangoni mgonjwa akiwa miguuni pake. Utamhusu anayeifanya kazi yenyewe kwa mdomo wake. Hautamhusu mwenye ghala, mwenye barua, mwenye daftari wala wa mapokezi. Mwenye unyoya akimwambia mgonjwa "mimi sitaweza", pumzi hiyohiyo atamwambia ni nani anayeweza na yuko wapi, na akiwa hoi atampeleka. Hatamhubiria. Maisha ya mama yakiwa hatarini na hayupo mwingine, unyoya unavuliwa na kazi inafanywa. Kila mwenye unyoya atabeba zamu nzito zenye uzito sawa na ile aliyosamehewa. Na kwa kuwa wazee nao walikuwa na hatia, walijifunga wenyewe: hakuna zamu itakayopita bila mganga anayeweza kazi ile, na ikiwa wenye kuweza hawatoshi, kijiji kitamtafuta mwingine kabla ya kutoa unyoya mmoja zaidi. Anayeifanya kazi ile hatanyimwa cheo kwa sababu yake, na atakayemwita Mvunja-mayai atalipa faini ya mtama.

Kisha Mzee Hondohondo akauliza, "Kwa masharti haya, nani anautaka?"

Mnandi alitazama zamu za usiku zilizoandikwa, akakumbuka kwamba mambo ya mayai hayakuwa yamemsumbua sana. Bata, Njiwa, Kanga na Kasuku walirudisha siku ileile. Kunguru hakuwa na nafasi ya kuchagua. Mke wa tajiri mmoja alisimama akasema alichomlipa, na Kunguru akafukuzwa zahanati. Nyoya mbili zilikutwa chini ya bawa lake. Jioni ilipoingia, waliobaki na unyoya walikuwa wawili. Mmoja alikuwa Kigong'ota, aliyeuchukua tena baada ya wazee kumwomba. Wa pili alikuwa Kwarara. Wengi walishangaa, lakini ilikuwa kweli: Kwarara aliliamini jambo lile tangu mwanzo, ila hakuwahi kufundishwa kwamba imani ina kazi. Alishika zamu za funza. Msimu uliofuata alionekana akimpeleka mama mmoja bonde la pili, akimtegemeza kwa bawa lake, hatua kwa hatua, mpaka mlangoni kwa Chozi.

Shore akarudi. Chozi akapata usingizi.

Nimeisimulia hekaya hii kwa ndege kwa sababu kwa wanadamu tunagombana kabla hatujasikilizana. Wanaosema daktari au muuguzi hana haki ya kukataa lolote wamesahau ni nani wa kutuokoa serikali ikimtaka daktari athibitishe kwamba aliyepigwa alianguka bafuni. Tangu 1975 Chama cha Madaktari Duniani, katika tamko lake la Tokyo, kimemkataza daktari kushiriki mateso, hata akiamriwa. Katazo hilo halina maana kama hakuna daktari mwenye uthubutu wa kusema hapana. Lakini wanaosema dhamiri haiulizwi swali nao wamesahau kwamba kuna kukataa kunakomkinga mgonjwa dhidi ya mwenye nguvu, na kuna kukataa kunakomwangukia mgonjwa asiye na nguvu. Wendy Orr alimkatalia polisi. Kwarara alimkatalia Mama Kwale. Kukataa kwa pili nako kunaweza kuwa kwa haki, na mimi nakuheshimu, lakini hakuwezi kudai heshima ya kule kwa kwanza mpaka kulipe kama kule kwa kwanza kulivyolipa.

Mgonjwa hakuchagua kuwa mgonjwa, hakuchagua zahanati, na mara nyingi hakuchagua nani awe zamu usiku ule. Mganga alichagua kazi, akala kiapo, na anaweza kujipanga tangu mapema. Kati ya wawili hao, mwenye uwezo wa kubeba uzito ni mganga na taasisi iliyomwajiri. Kwa hiyo wewe uliye na koti jeupe, na una jambo ambalo moyo wako haulikubali: liseme mapema, liseme wazi, mwonyeshe mgonjwa njia, beba zamu ya yule atakayeifanya kazi yako, na maisha yakiwa hatarini nyoosha mkono. Ukifanya hayo, nitakutetea mbele ya yeyote anayetaka kukufukuza. Usipoyafanya, hilo unaloliita dhamiri limegharamiwa na mtu mwingine, na yeye hakuulizwa.